Sauti Aliyoichagua Kukhu

Mjukuu wangu anayeishi Bungoma mjini alikuja juzi na gari lake dogo, akaliegesha mbele ya dirisha langu, akakanyaga mafuta hadi vikombe vikacheza kabatini. "Niaje shosh," akaniambia aliposhuka. "Umeskia hiyo ekzosi? Ni mpya." Nikamwambia nimeisikia, kuku wameisikia, na jirani yangu mwenye presha ameisikia kuliko sisi sote. Hakukasirika. Alinieleza kwamba alishinda kwa fundi akijaribu moja baada ya nyingine, ati ya kwanza ilikuwa na sauti nyembamba, ya pili ilikuwa inakohoa, na hii ya tatu ndiyo iliyomgusa moyo. Alidhani ananieleza jambo jipya duniani.

Alipoondoka, moshi wa petroli ulibaki uani pamoja na ile harufu ya bati jipya linapopata moto mara ya kwanza. Nyinyi wa rika langu mliopanda malori ya zamani mnaijua. Niliketi nikiinusa kama mtu asiye na kazi, na kusema kweli sikuwa na kazi. Mimi nilichagua sauti ya lori kabla baba wa kijana huyu hajazaliwa. Niliichagua vibaya, tena kwa uongo, na sijawahi kumsimulia mtu kisa hicho chote.

Meno yangu mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka nilipopelekwa kuishi kwa kukhu, yaani nyanya yangu, mama yake mama. Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu na mwili ukakataa kupona haraka, na kwetu Myanga hapakuwa na mtu wa kunitazama. Kukhu aliishi peke yake kando ya barabara iendayo Kitale, ng'ambo kidogo ya Kimilili, mahali barabara inapopanda kutoka mtoni. Alikuwa na shamba la mahindi, migomba, na benchi la mbao chini barabarani ambapo aliuza ndizi na viazi vitamu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye kucheka kwa mabega tu bila sauti. Nilimpenda sana. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akafikiri nilifanya nililofanya kwa utundu.

Baba yangu alikuwa na lori. Kila Jumatatu na Alhamisi alipita kwa kukhu asubuhi akitoka Bungoma kwenda Kitale, na alasiri akapita tena akirudi, amebeba mahindi, kuku, na watu wameketi juu ya magunia. Bomba la moshi la lori lile lilikuwa limetoboka likazibwa, likatoboka tena likazibwa tena, kwa vipande vya mkebe wa mafuta ya taa na waya wa ua, mpaka sauti yake haikufanana na ya lori lingine lolote. Liliunguruma, likapiga kama makofi mawili, likaunguruma tena. Honi halikuwa nayo. Ile ya mpira ilipasuka kabla sijazaliwa, na baba hakuona haja ya nyingine. Likivuka daraja la mtoni tulilisikia, na kutoka pale hadi kwa kukhu kulikuwa na muda wa kumenya viazi viwili.

Sasa, sauti ile ikianza tu, kukhu aliacha chochote alichokuwa akifanya. Alijitanda leso hadi usoni, akaondoka kwenye benchi, akapanda kwa haraka na kujificha nyuma ya ghala la mahindi. Alikaa huko mpaka lori liondoke. Mimi ndiye niliyebaki kuwauzia abiria ndizi.

Mtu mzima yeyote wa kwetu angeweza kunieleza kwa maneno machache. Mwanamke na mume wa binti yake hawaonani ana kwa ana. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikaribia kukutana njiani mmoja huingia kichakani ili mwenzake apite. Ni heshima, tena kubwa. Lakini hakuna aliyenieleza, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba mtoto anaweza kukosa kulijua jambo ambalo kila mtu analitenda. Nami sikuuliza. Nililitazama kwa macho yangu nikaamua mwenyewe: kukhu anaogopa kelele za lori la baba.

Ushahidi nilikuwa nao tele. Siku moja alikimbia akamwaga uji. Siku nyingine alijikwaa kwenye jiwe la kusagia, ukucha ukatoka damu. Nilimwonea huruma, na nikamkasirikia baba kidogo, kwamba mtu mzima anaweza kumtisha mwanamke mzee mara nne kwa wiki bila hata kujua.

Kwa kuwa hawakuonana, maneno yao yote yalipita kwangu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na niliionea fahari. Baba alisimamisha lori chini, mimi nikashuka mbio. "Mwambie kukhu yako mama anatembea sasa, jana alifika kisimani." Nikapanda nikasema vile vile. Kukhu akanijibu kutoka nyuma ya ghala, "Mwambie baba yako ndizi hizi ni za mama yako, zisikae juani." Nikashuka nikasema vile vile. Sikuongeza wala sikupunguza. Nilimsikia kukhu akimwambia mama mmoja wa kanisani, "Huyu mtoto habadilishi neno." Nililala na sifa hiyo kama mtu anavyolala na blanketi jipya.

Kisha bomba likakatika. Liligonga jiwe mtoni, likaanguka nusu, na Jumatatu hiyo lori likaja na kelele zilizowafanya ng'ombe wa jirani wakate kamba. Askari wa barabarani kule Kitale alikuwa amemwambia baba kwamba akiingia mjini tena na vurugu ile, lori litalala kituoni. Baba akaniita pembeni. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye tabia ya kusugua kidole gumba kwenye kiganja akiwa anafikiri.

"Mwambie kukhu yako, Alhamisi naenda kutafuta bomba lingine kwa fundi. Sauti itabadilika. Kama ako na neno, aseme."

Leo naona uzuri wa jambo lile. Mwanamume mwenye lori lake, aliyelinunua kwa jasho lake, anamuuliza mama mkwe wake lori liwe na sauti gani. Wakati ule niliona tu ni ujumbe kama mwingine. Nikaupeleka. Kukhu alikuwa akipepeta maharagwe. Akafikiri kidogo, akaupuliza uteo.

"Mwambie baba yako asisumbuke sana. Kama ile ile inatosha."

Kisha akasema kwamba kwa kuwa shule imefungwa, ningeweza kwenda na baba nikaone Kitale.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi kupita kiasi. Kukhu alikuwa mtu wa kusema ameshiba huku sahani yake akinisukumia mimi. Alisema hasikii baridi huku meno yakigongana. Nikasema moyoni, hili nalo ni lile lile. Anaogopa lori, lakini hataki kumsumbua baba. Ujumbe aliotoa ni wa adabu tu. Ule wa kweli uko tumboni mwake, na mimi peke yangu ndiye niliyeuona.

Alhamisi nilipanda mbele, katikati ya baba na Wanyonyi. Wanyonyi alikuwa tanboi wake, mtu mzima mwenye mabega mapana, aliyepakia magunia na kulipiga lori hendeli asubuhi ili liwake. Herufi l na r zilibadilishana viti kinywani mwake apendavyo yeye. Njia nzima alikuwa akieleza sauti aliyoitaka. "Rori lazima liongee, bana. Mtu akiwa shambani aseme, ehe, hilo ni retu."

Kitale ilinukia mahindi na grisi. Baridi yake ilikuwa kali kuliko ya kwetu, na watu walitembea mikono kwapani. Fundi alikuwa na uwanja nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa Kalasinga, kama tulivyowaita wote wenye vilemba, mwenye ndevu zilizofungwa vizuri kwa wavu na mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Ukutani kwake kulitundikwa mabomba ya kila aina, yaliyotolewa kwenye malori ya jeshi, kwenye matrekta, na kwenye magari ya Wazungu wa mashambani. Chini yalikuwa yamepangwa yale madude ya mviringo, marefu kama magogo, yanayoitwa sailensa. Alinieleza mimi, mtoto, kwa uvumilivu ambao nimeukuta kwa watu wachache: moshi unatoka kwenye injini ukiwa na hasira, unaingia humu ndani, unazungukazunguka, unatoka umetulia. Ukitaka sauti ndogo, unaufanya uzunguke sana. Ukitaka sauti kubwa, unauacha upite moja kwa moja.

"Wewe nataka sauti gani?" akamuuliza baba.

"Tujaribu," baba akasema.

Walijaribu. Fundi alilala chini ya lori, akaifunga sailensa ya kwanza kwa waya tu ili isikike, na Wanyonyi akaingia kukanyaga mafuta. Baba alinishika mkono akanipeleka hadi kwenye lango la uwanja, mbali, akafumba macho. Nami nikafumba yangu. Ile ya kwanza ilitoka kwenye lori la jeshi. Sauti yake ilikuwa nzito, unaisikia tumboni kabla haijafika masikioni, na ilikwenda taratibu, du, du, du, du, bila kukimbilia popote. Baba alitabasamu akiwa bado amefumba macho.

Ya pili lilikuwa bomba tupu lisilo na kitu ndani. Likapasua hewa hata mke wa fundi akatoka jikoni na kitambaa mkononi, akatutazama sote kwa zamu bila kusema neno. Wanyonyi alifurahi sana. Baba akatikisa kichwa.

Ya tatu fundi aliitoa ndani ya gunia. Ilikuwa ndefu kuliko zote. "Hii ya gari ya memsahib," akasema, yaani mama wa Kizungu. "Mimi naongeza kwa mkono yangu, nafunga sauti vizuri. Kimya sana. Memsahib napenda." Wanyonyi akakanyaga mafuta, na mwanzo nilidhani injini haijawaka. Ilikuwa kama mtu anayesali kimoyomoyo. Shomoro waliokuwa kwenye mabati hawakuruka.

Akilini nilimwona kukhu ameketi kwenye benchi lake, ametulia, lori linapita mbele yake, na yeye anampungia baba mkono. Niliiona picha hiyo kama ninavyoiona karatasi hii.

"Kukhu yako alisema nini?" baba akauliza.

Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Kama ile ile inatosha. Ningeyasema, baba angechukua ile ya jeshi, ambayo moyo wake ulikuwa umeshaichukua, na kisa kingeishia hapo.

"Kukhu anataka hii," nikasema.

Baba aliniangalia. "Ni yeye alisema? Hii ya kimya?"

"Ndiyo. Alisema kelele zinamsumbua."

Akasugua kidole gumba kwenye kiganja. Niliona jambo limempita usoni, na nilikuja kulielewa nikiwa mkubwa: aliona aibu. Alifikiri kwamba miaka yote hiyo mama mkwe wake alikuwa akiteseka na kelele zake, akanyamaza kwa heshima. Hakuwa na sababu ya kunishuku. Mimi sikuwa mtu wa kubadilisha neno, kila mtu alilijua hilo.

"Funga hii," akamwambia fundi.

"Rori gani hii inatembea kama mgonjwa?" Wanyonyi akasema. Baba akamwambia apakie magunia.

Tulirudi alasiri, mvua ikiwa imetoka tu kunyesha. Tulipofika Kiminini hakuna abiria aliyekuwa amesimama kandokando. Walikuwa wameketi dukani wakisubiri kusikia lori, na tulipotokea mbele yao walikimbia wakikusanya vifurushi na kutulaumu. Ati mnakuja kama wezi. Baba hakujibu. Mimi nilikuwa na furaha moja kubwa isiyosemeka. Nilitaka tufike.

Na kukhu, huko kwake, alikuwa ameona jua limeshuka na anajua kwamba mimi nimo njiani. Alikuwa chini kwenye benchi akipanga ndizi zilizobaki kikapuni. Hakuwa na haraka. Kwa masikio yake lori halijavuka daraja, kwa hiyo ana wakati. Akajitwisha kikapu, akaingia barabarani akitembea katikati, mahali palipokuwa na nyasi kidogo, kwa sababu kando palikuwa na matope. Leso yake ilikuwa kiunoni. Kichwa chake kilikuwa na kikapu tu.

Tulikata kona. Baba alikanyaga breki, na lori likateleza kwenye udongo ule mwekundu polepole, kama ng'ombe anayekataa kusimama. Kukhu akageuka. Kikapu kikaanguka. Kwa muda mfupi sana alimtazama baba, na baba akamtazama yeye, macho kwa macho kupitia kioo, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu siku ya harusi ya mama. Kisha akaruka pembeni na kutumbukia mtaroni.

Lori lilisimama likiwa limeigusa migomba. Wanyonyi na abiria walibaki juu, na hakuna aliyeshuka, maana wote walikuwa watu wa kwetu na walijua wanaangalia nini. Baba alishuka. Alipiga hatua tatu mbio kuelekea mtaroni, mikono mbele, akasimama ghafla. Akageuka, akaupa mtaro mgongo. Mimi nilikuwa nimeshuka pia, nimesimama kati yake na mtaro.

"Muulize kukhu yako kama ameumia," baba akasema.

Kukhu alikuwa hatua nne kutoka kwake. Alikuwa ameivuta leso kutoka kiunoni akajifunika uso wote, ameketi matopeni, mguu mmoja umekunjwa vibaya chini yake.

"Kukhu, baba anauliza kama umeumia."

"Mwambie baba yako ni kifundo cha mguu tu."

"Baba, kukhu anasema ni kifundo cha mguu tu."

Mkicheka sitawalaumu, maana hata abiria mmoja alikohoa ili asicheke. Walisikiana vizuri kabisa. Lakini kila mmoja alisubiri mpaka mimi niseme, ndipo likahesabika kuwa limesemwa.

"Muulize baba yako," sauti ya kukhu ikatoka ndani ya leso, "lori lake limekuwa bubu tangu lini."

Nikasema.

"Mwambie kukhu yako nisamehewe. Sauti hii aliichagua yeye. Alisema kelele zinamsumbua."

Sikusema. Nilisimama mdomo wazi, na wote wawili wakasubiri. Nyuma ya leso kukhu alikuwa ameshayasikia maneno yale, niliona kitambaa kimeacha kupanda na kushuka.

"Mwambie baba yako," akasema polepole, "mimi nilisema kama ile ile inatosha."

Sasa nilikuwa na maneno mawili mkononi, moja la kupeleka huku na jingine kule, na hayakuweza kukaa pamoja. Nyanya yangu yuko matopeni, baba yangu ameangalia migomba, watu wako juu ya magunia, na wote wanamsubiri mtoto asiyebadilisha neno. Nilianza kulia kabla sijasema.

"Ni mimi," nikasema. Sikujua niangalie upande gani. "Kukhu hakusema. Ni mimi nilisema. Nilitaka asiwe anakimbia."

Baba aliinamisha kichwa. Kukhu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwambie baba yako aende, giza lisimkute Chwele. Na umwite mama wa hapo juu anishike mkono." Nikamwambia baba. Akapanda lori bila kugeuka, akaondoka, na hakuna aliyelisikia likiondoka.

Kifundo kilivimba, kikamweka kukhu ndani majuma matano. Ile aibu ya kuonana ilitengenezwa kama inavyotengenezwa kwetu. Kaka yake baba alileta mbuzi na blanketi, wazee wakasema yanayosemwa, na jambo likafunikwa. Mchungaji alisema mila hizi zimepitwa na wakati. Kukhu akamsikiliza kwa adabu, akamkaribisha chai.

Mimi hakuna aliyenichapa, na ingekuwa afadhali. Nilichota maji, nikapika, nikauza ndizi peke yangu. Lakini Jumatatu lori lilipopita, kukhu alimwita mtoto wa jirani. "Mwambie mwenye lori hivi na hivi." Mtoto huyo alikuwa msahaulifu wa ajabu. Aliambiwa chumvi akasema sukari. Akaambiwa mama anaendelea vizuri, yeye akaleta habari kwamba mama anaenda mbali. Kukhu alipendelea huyo. Nilijificha migombani nikalia mpaka kichwa kikauma, na sijawahi tena kuadhibiwa vile.

Ilikuwa juma la nne au la tano, mchana, tunaambua maharagwe mlangoni, mguu wake uko juu ya kigoda, ndipo nilipopata ujasiri wa kumuuliza kwa nini basi alikuwa akilikimbia lori kama haliogopi. Mabega yake yakaanza kucheka.

"Silikimbii lori. Nampisha baba yako. Yeye anaita, mimi naitika."

"Unaitika kwa kujificha?"

"Sasa nikae hapo nimkodolee macho? Hiyo ndiyo matusi." Akaambua maganda mawili matatu. "Mtu anayenitunzia binti yangu vizuri, akipita, namwinukia. Kila akipita. Nikiwa mgonjwa namwinukia. Wewe ukatufanya tukapitana kama ng'ombe."

Akautengeneza mguu wake juu ya kigoda, kisha akasema, "Huko kwa fundi kulikuwa na zingine?"

Nikamwambia zilikuwa mbili. Akataka kujua zilikuwaje. Nikasimama katikati ya nyumba nikatengeneza sauti kwa mdomo. Nilianza na lile bomba tupu, mate yakaruka hadi kwenye maharagwe. "Hapana, hiyo ni ya wendawazimu," akasema. Nikashusha kidevu, nikatoa ile ya jeshi kutoka tumboni kadiri mtoto anavyoweza, du, du, du, du. Akafumba macho vile vile kama baba alivyofumba.

"Rudia."

Nikarudia.

"Hiyo naweza kuisikia hata nikiwa ndani ya mahindi," akasema. Akafumbua macho akanitazama usoni, kwa muda mrefu. "Alhamisi mwambie baba yako: ile ya kwanza. Utasema nini?"

"Ile ya kwanza."

Alhamisi nilikuwa barabarani tangu alfajiri, kwa kuogopa lori lisije likanipita kimya kimya. Lilipotokea nilisimama mbele yake na mikono juu. Baba alishusha kioo. Nikamwambia, "Kukhu anasema: ile ya kwanza." Hakuuliza kama ni kweli. Alisema tu, "Haya," na nilimwona anajizuia kutabasamu. Fundi alikuwa bado nayo. Alasiri ile tulisikia du, du, du, du likiwa bado ng'ambo ya mto, na kukhu akaokota fimbo yake, akajitanda leso, akachechemea hadi nyuma ya ghala. Mimi nilishuka na ujumbe wangu.

Baba aliihamisha sailensa ile kutoka lori la kwanza hadi la pili, na nasikia hata fundi alimcheka. Nilikuwa nimemaliza kusomea ualimu wakati kukhu alipolala na asiamke tena kwenda shambani. Tulikuwa naye nyumbani mama na mimi. Ilikuwa siku ya tatu haongei, hali chakula, hajui nani ameshika mkono wake. Baba alikuja asubuhi saa nne. Hakuweza kuingia. Alisogeza lori hadi kwenye ua, karibu na dirisha, akaliacha linaunguruma pale pale bila kwenda popote.

Mama alianza kusema nimwambie azime, mgonjwa anataka utulivu. Kisha akaacha. Mkono wa kukhu ulikuwa umetoka chini ya blanketi, lile lililokuja na mbuzi. Ulipapasa, ukakosa, ukapapasa tena, ukashika upindo. Nikataka kumsaidia, mama akanizuia. Alivuta kidogo kidogo, kwa muda ambao ungetosha kumenya viazi vingi, hadi blanketi likamfunika uso.

Nikatoka nje. Baba alikuwa ameketi kwenye usukani, ameangalia upande wa barabara.

"Baba, kukhu amekusikia," nikamwambia.

"Ameinuka?"

"Ameinuka."

Akazima injini.